Nani hulipia karatasi za ahadi ya ushuru?

Swali: "Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwapa, na wafanyakazi sita. Tangu siasa za 2027 zianze kuchemka wamenipitia watu wa vyama viwili. Wa kwanza walisema wakishika serikali watashusha VAT, ule ushuru unaoongezwa kwenye bei ya bidhaa. Wa pili wakasema watafuta ushuru wote wa wafanyabiashara wadogo, walete mmoja tu mwepesi. Sikubishana nao. Lakini nikikumbuka yale ya 2020, na ile ada ya nyumba inayokatwa kwenye mishahara, najiuliza: gharama za kugeuza geuza mambo haya hulipwa na nani? Na mtu kama mimi atajuaje ni ahadi ipi inatekelezeka? Halafu ETR yangu ya zamani, ile mashine ya risiti za ushuru, bado iko kabatini. Niitupe?" – Mwenye duka, Mtwapa

Jibu:

Dada yangu, hulipwa na wewe. Si zote, lakini sehemu kubwa, na sehemu hiyo haisomwi katika bajeti yoyote pale Bungeni.

Ukimbana mwanasiasa kuhusu gharama za kukusanya ushuru, atakutajia za serikali: mishahara ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), kompyuta zao, magari yao. Hizo zinajulikana na zina mpaka, kwani sheria iliyounda KRA inasema kiasi inachopewa kujiendesha kisizidi asilimia 2 ya mapato inayokadiriwa kukusanya. Kwa hesabu hiyo ushuru unaonekana kitu rahisi mno kukusanya. Kilichoachwa nje ni malipo ya mhasibu wako, kijana wa saiba (duka la intaneti), fundi wa mashine, programu ya mishahara, na zile saa za usiku unazokaa na risiti badala ya kulala. KRA haiandiki gharama hizo popote, na wewe pia huziandiki. Mimi kazi yangu ni kukaa upande huo wa meza, kwa hiyo naziona.

Tuanze na 2020 uliyoitaja. Rais alitangaza Machi 25 kwamba VAT itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kuanzia Aprili 1. Siku saba, na katika siku hizo watu walikuwa wanakimbizana na barakoa na kafyu. Nilikuwa na mteja mwenye duka kama lako. Mafundi wa ETR walikuwa wachache na kila mwenye mashine alikuwa anawasaka. Wa kwetu alifika Aprili 3, akafungua mashine, akabadilisha kiwango, akadai chake akaenda. Kesho yake asubuhi akaja mkandarasi na mifuko 12 ya saruji aliyoinunua Machi 30. Imezidi, anataka kuirudisha. Alinunua kwa 16, mashine sasa inajua 14 tu. Kwa sheria hesabu yake ilikuwa wazi: mauzo ya awali yalitozwa 16, basi marejesho nayo ni ya 16. Ila mashine haikutaka kusikia. Tukaandika hati kwa mkono, tukaambatanisha risiti ya zamani, tukaieleza kwenye ritani (taarifa ya ushuru kwa KRA) ya Aprili, na miezi kadhaa baadaye tukaulizwa kwa nini hesabu zetu hazilingani na za mashine. Mifuko 12 ya saruji. Nadhani barua zile zilinichukua saa nyingi kuliko alizotumia mkandarasi kujenga ukuta wake.

Bei nayo? Kitu cha shilingi 1,160 kilipaswa kuwa 1,140. Hicho kinabadilishika. Lakini msumari au parafujo ya shilingi 5 ilipaswa kuwa shilingi 4 na senti 91, na sarafu ya senti 9 hakuna. Basi parafujo ikabaki shilingi 5, na punguzo likaingia kwenye droo ya mwenye duka. Simlaumu. Duka la vifaa lina bidhaa elfu kadhaa, kila moja na kibandiko chake, na mtu hawezi kulipa vijana wabandue vibandiko usiku kucha kwa ajili ya senti. Kisha Januari 1, 2021 kiwango kikarudi 16. Fundi akaitwa tena, akadai chake tena.

Siku hizi risiti zinapitia eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za mtandaoni, na kubadilisha kiwango ni kazi ya dakika chache ikiwa programu yako ni nzuri. Kwa hiyo wale wa chama cha kwanza hawakosei wakisema kushusha VAT ni rahisi kuliko zamani. Waulize mambo mawili tu: mtatupa muda gani, na mtakaa na kiwango hicho miaka mingapi? Kiwango kinachoshuka kisha kupanda ndani ya miezi tisa hulipiwa mara mbili na watu wale wale.

Kwenye mishahara mambo ni mazito zaidi. Chukua wafanyakazi wako sita, tuseme kila mmoja analipwa 20,000. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5 kutoka kwake na 1.5 kutoka kwako, yaani 600 kwa kila mtu, 3,600 kwa mwezi. Hesabu ya mtoto wa shule. Sasa angalia kalenda. Sheria ya Fedha ilitiwa saini Juni 26, 2023, na ada ianze Julai 1. Juni 30 Mahakama Kuu ikaisimamisha. Julai 28 Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio, wakati mishahara ya Julai inaandaliwa au imeshatoka. Novemba 28 Mahakama Kuu ikasema ada inakiuka Katiba, lakini ikaruhusu makato yaendelee hadi Januari 10. Januari 26, 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuurefusha muda huo, na mishahara ya Januari ya wateja wangu kadhaa tayari ilikuwa imepigwa hesabu na makato ndani. Machi 19 ikaja sheria mpya ya nyumba na makato yakarudi.

Siingii kwenye ubishi kama ada ile ni nzuri au mbaya. Ninachokuambia ni kwamba katika miezi tisa hiyo mwajiri mdogo alipaswa kufuata Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa, Bunge na matangazo ya KRA, huku mlinzi wake akimwuliza mlangoni, "Tajiri, zile 300 zangu ziko wapi?" Mwenye kampuni kubwa ana idara ya sheria. Wewe ulikuwa na simu na WhatsApp ya mhasibu.

Na haikuishia hapo. Oktoba 2024 mfuko wa bima ya afya wa NHIF ukaondoka ikaja SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara badala ya ile orodha ya viwango tuliyoizoea. NSSF, michango ya uzeeni, ilikuwa ikipanda kila Februari tangu 2023. Kisha Desemba 27, 2024 mpangilio wa hesabu wenyewe ukageuzwa: SHIF na ada ya nyumba zikaanza kuondolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE, ushuru wa mishahara, kupigwa. Tarehe 27 Desemba! Ofisi nyingi zilikuwa zimeshalipa mishahara ya Krismasi, na wenye programu wako Lamu wanakula samaki. Jambo lenyewe lilikuwa zuri kwa mfanyakazi, maana linampunguzia PAYE. Lakini wafanyakazi wako sita, wa 20,000, hawakuwa wakilipa PAYE kabisa, kwa sababu kiwango cha kuanzia kilikuwa 24,000. Kwao halikubadilisha hata senti moja. Wewe hata hivyo ulilazimika kununua toleo jipya la programu ili uendelee kukata sufuri kwa fomula sahihi.

Nimelikalia hili kwa sababu linaonyesha kitu ambacho watu wa vyama hawakioni. Wao hubishania kiwango: 14 au 16, moja na nusu au tatu. Kiwango ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Gharama hutoka kwa yule anayeshika kalamu. Ukitaka kuipima ahadi yoyote ya ushuru, ya chama chochote, uliza: nani ataanza kuandika kitu ambacho leo haandiki?

Mfano ninaoupenda ni ushuru wa magari uliokuwa ndani ya Mswada wa Fedha wa 2024. Asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, usipungue 5,000 wala kuzidi 100,000, na mkusanyaji awe kampuni ya bima. Kwa Hazina ilikuwa kama kuokota: kila gari lazima liwe na bima, basi waache wa bima wakusanye. Lakini ingia ofisi ya wakala wa bima pale Mombasa uone magari yanayokatiwa bima ya mtu wa tatu tu. Bima hiyo haihitaji thamani ya gari. Probox ya 2009 iliyobadilishwa injini mara mbili inakatiwa stika bila mtu kuuliza inauzwa bei gani. Chini ya mswada ule, ghafla kila Probox ingehitaji thamani kwenye karatasi, na karani wa bima angekuwa mthamini, tena mwenye kupigwa faini asipokusanya. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 18, pamoja na lile la VAT kwenye mkate, na Juni 26 Rais akakataa mswada wote baada ya vijana kuingia barabarani. Watu walikasirikia mzigo wa fedha, na walikuwa na haki. Mimi ningeukataa hata kwa sababu ya karani yule.

Mkate nao una somo lake, na hapa vyama vyote huteleza. Mwanasiasa akisema "tutaondoa VAT kwenye bidhaa fulani," kuna njia mbili za kuiondoa na hazifanani. Akiiweka kwenye kiwango cha sufuri, mwokaji anadai kurudishiwa VAT aliyolipa kwenye mashine, vifungashio na umeme. Bei inaweza kushuka kweli, ila KRA inabidi ikague madai na itoe fedha, na kila mwenye kiwanda atakusimulia muda aliosubiri. Akiisamehe, mwokaji hatozi VAT wala harudishiwi kitu. KRA inapumzika, mwokaji anameza ile VAT ya vifungashio, kisha anakutemea wewe ndani ya bei. Neno moja kwenye jukwaa, hesabu mbili dukani.

Halafu kuna mpaka. Sheria ilizungumzia mkate wa kawaida. Je, mkate wenye zabibu ni wa kawaida? Mkate wa sinia? Mkate wa mofa? Mama wa mahamri ana nafuu, biashara yake haifiki milioni 5 kwa mwaka inayomlazimu kujisajili kwa VAT, lakini supamaketi inayouza vyote kwenye rafu moja lazima iamue. Waingereza, ambao keki yao haitozwi VAT ila biskuti iliyopakwa chokoleti hutozwa, walifikishana mbele ya baraza la ushuru mwaka 1991 kuamua kama Jaffa Cakes ni keki au biskuti. Ilihojiwa hata inakuwaje ikichacha: keki hukauka, biskuti hulainika. Wakaamua ni keki. Mawakili walilipwa.

Sasa ahadi ya pili, ya ushuru mmoja mwepesi kwa wadogo. Hii kwa karatasi ndiyo bora, na nimeiombea miaka mingi. Lakini tumeshaijaribu. Ushuru wa mauzo, yaani asilimia ya mauzo yote ya biashara ndogo, ulianza 2008 kwa asilimia 3. Mwaka 2019 ukawekwa kando, ukaja mwingine uliokuwa asilimia 15 ya ada ya leseni ya kaunti. Ukilipa leseni, umemaliza, hakuna ritani ya kila mwezi. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa rahisi kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, na ulidumu mwaka mmoja tu. Januari 2020 ushuru wa mauzo ukarudi kwa asilimia 3. Aprili mwaka huo huo ukashushwa hadi 1, kwa wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 50. Julai 2023 ukarudi 3, na ukomo wa juu ukashuka hadi milioni 25.

Tazama kinachomtokea mwenye kibanda anayeuza 90,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 1 alidaiwa 900. Akimlipa kijana wa saiba 300 amjazie ritani kabla ya tarehe 20, gharama ya kalamu ni theluthi ya ushuru wenyewe. Kwa asilimia 3 anadaiwa 2,700, na kalamu ni ile ile 300. Kwa hiyo serikali iliyompunguzia kiwango haikumpunguzia usumbufu hata chembe. Akisahau ritani ya mwezi mmoja, faini yake ni 1,000, zaidi ya ushuru wa asilimia 1 aliokuwa anadaiwa. Ndiyo maana wengi hawajisajili kabisa, na huwezi kumkamata kila mmoja kwa gharama inayolipa.

Waganda walilijua hili kabla yetu. Ile kodi yao ya kichwa ilikusanywa na machifu na askari waliovamia vijiji alfajiri, wanaume wakikimbilia vinamasini. Kwenye kampeni za 2001 kiwango cha chini kilishushwa hadi shilingi 3,000 za Uganda. Kura zilipatikana, lakini chifu alibaki na msafara ule ule wa alfajiri kwa fedha kidogo zaidi. Mwaka 2005, uchaguzi mwingine ukinusa, wakaifuta, na serikali za wilaya zikabaki kutegemea fedha za kutoka Kampala.

Usidhani basi kwamba dawa ni kuufunga ushuru kwenye mashine mtu asiukwepe. Tanzania mwaka 2021 walihamishia kodi ya majengo kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, wakati huo shilingi zao 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa unaponunua umeme. Kwa TRA, mamlaka yao ya mapato, ni kazi ndogo mno. Ila anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba. Ukusanyaji ulirahisika, na ugomvi ukahamia uani.

Kwa hiyo wakirudi wale wa chama cha pili, swali lako liwe la mpaka. Mdogo ni nani? Leo milioni 5 ndio mpaka wa VAT na milioni 25 ndio wa ushuru wa mauzo, hivyo duka la milioni 8 ni dogo kwa mmoja na kubwa kwa mwingine. Ukivuka mpaka mwezi wa tisa, unabadilisha vitabu mwezi wa tisa au unangoja mwaka uishe? Mume na mke wenye maduka mawili ukuta kwa ukuta ni biashara moja au mbili? Wakiwa na majibu, wasikilize. Wakikuambia hayo yatashughulikiwa na wataalamu, wataalamu wenyewe ni sisi, na tutakutumia ankara.

Uliuliza mtu wa kawaida atajuaje. Ukweli ni kwamba hapa kwetu hakuna anayemfanyia kazi hiyo kabla ya kura. Uholanzi wana taasisi ya uchumi ya serikali, CPB, ambayo tangu 1986 hupitia manifesto za vyama na kueleza zitafanya nini kwenye bajeti ya nchi. Chama hupeleka chenyewe. Uingereza, ushuru ukibadilishwa, serikali hutoa maelezo ya nini kitawagharimu wafanyabiashara mara moja na nini kila mwaka. Sisi tuna sheria ya 2013 inayomtaka waziri aeleze athari kabla ya kutoa kanuni zenye gharama kubwa kwa jamii. Lakini hiyo ni ya kanuni. Mswada wa Fedha, unaobeba ushuru wenyewe, haumo. Hapo ndipo ningeanza kama ningekuwa mbunge, na ndiyo maana sijawahi kuchaguliwa hata katika kamati ya msikiti.

ETR usiitupe bado, na usimwuzie mtu wa vyuma chakavu. Sheria inataka rekodi zako za ushuru zihifadhiwe miaka 5 baada ya kipindi kinachohusika kwisha, na kama una kesi au ukaguzi unaoendelea, hadi uishe. Mwite fundi atoe kumbukumbu zote zilizomo. Zile ripoti za kila siku ulizochapisha kwenye karatasi nyembamba zitoe fotokopi wiki hii, maana wino wake hupotea, na kwa joto la Mtwapa huenda za 2020 zimeshaanza kuwa nyeupe.